Mia Tatu na Kumi na Saba

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja tu ambayo hata wageni waliambiwa kabla hawajavua viatu: Babu akiwa anahesabu, hasemeshwi. Unaweza kupita. Unaweza kukaa. Chafya ikikubana, toka nje ukapigie huko. Lakini kumsemesha, hapana, hata kama nyumba inaungua. Bibi ndiye aliyekuwa anasema hivyo, "hata kama nyumba inaungua", na mimi nilikuwa nacheka, nikidhani ni maneno ya kunogesha tu.

Babu ni fundi wa kusuka transfoma. Darasani mwalimu wetu wa fizikia alituchorea transfoma ubaoni: mraba mmoja na vijinywele pande mbili. Akaandika fomula, kengele ikalia, tukatoka. Niliporudi nyumbani nikamwonyesha Babu daftari. Alilitazama kwa muda akiwa ameinua miwani yake, ile ambayo mkono mmoja ameufunga kwa waya wa shaba, akasema:

"Mwalimu wako anachora vizuri. Siku moja mlete aione."

"Aione nini, Babu?"

"Transfoma."

Alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye karakana ya kampuni ya umeme. Huko alisuka transfoma kubwa kama kabati la nguo, zile zinazoletwa zimeungua, zinanuka mafuta, halafu zinarudi kwenye nguzo zikiwa nzima. Siku moja zikaacha kuletwa. Mpya zilikuja kwa lori, na zilizoungua zikauzwa kama chuma chakavu. Babu akapewa barua na saa ya ukutani. Barua sijawahi kuiona. Saa ipo, ila haitembei, na ukimuuliza kwa nini haitengenezi anasema yeye si fundi saa.

Alichokileta nyumbani chenye maana ni mashine ya kusukia, ambayo karakana ilikuwa inaitupa. Ukiiona utadhani ni ya kusagia nyama: chuma kizito kinachobanwa pembeni mwa meza, na mkono wa kuzungusha. Kila ukizunguka mara moja unalia *krii*. Amewahi kuupaka mafuta ya kila aina lakini kilio hakikuisha. Mwishoni akasema basi, angalau nitajua bado naishi.

Transfoma ndogo za redio, za kuchajia betri, za mashine za kuchomelea, zote zilipita kwenye meza hiyo sebuleni. Watoto wa mtaani wanamwita Mia-Mia, kwa sababu akisuka ananong'ona namba kuanzia moja, na akifika mia anaitamka kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mia!" Hapo Bibi, aliyekuwa anakaa upande wa pili wa meza na kopo la vifungo vya nguo, anatoa kifungo kimoja, anakiweka mezani, anajibu: "Ipo." Babu anaanza tena moja. Walifanya hivyo tangu Mama yangu akiwa mtoto. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna vifaa vya kuhesabia vya kununua. Au labda waliambiwa.

Sheria ya kutomsemesha ina sababu yake. Mama alipokuwa mdogo alimwuliza Babu kitu wakati anasuka, swali la kitoto tu, hata mwenyewe halikumbuki. Babu akapotea hesabu, akakisia. Transfoma ile ikaenda kwa fundi wa kuchomelea, ikafanya kazi siku mbili, ya tatu ikawaka moto ikamuunguza mkono. Tangu hapo Babu hakisii. Na Bibi akawa mlinzi. Kuna siku maharage yaliungua jikoni, nyumba nzima ikajaa moshi, Bibi kakaa palepale na kopo lake machozi yanamtoka. Babu alipotamka mia ya mwisho, Bibi akasema, "Ipo. Na maharage hayapo." Tulilicheka hilo miaka.

Halafu mapafu ya Bibi yakaanza kuchoka.

Daktari aliuliza maswali mengi. Tunapikia nini? Kuna anayevuta sigara? Kuna mtu anayefanya kazi ya rangi, vanishi, vitu vyenye harufu kali? Koili, yaani waya ulioviringishwa, ikishasukwa huchovywa kwenye vanishi na kukaushwa kwa moto, na kwa miaka yote hiyo Babu alikuwa anazikaushia jikoni kwetu. Nilimwona anafungua mdomo. Bibi akamuwahi: "Hakuna, daktari. Kwetu hakuna." Babu akaufunga mdomo akaangalia viatu vyake. Kuanzia wiki ile alikaushia koili nyuma ya choo, hata mvua ikinyesha, na hakuna aliyelizungumza.

Mjomba, kaka yake Mama anayeishi ughaibuni, alituma mashine ya oksijeni. Ni sanduku lenye magurudumu. Linavuta hewa ya chumbani, linaichuja, linamsukumia mgonjwa ile safi kwa mpira mwembamba hadi puani. Shida ni kwamba umeme wa huko ni volti mia na kumi, wetu ni mia mbili na arobaini. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja umeiua. Babu akasuka transfoma ya kuushusha umeme, kitanda cha Bibi kikahamishiwa sebuleni karibu na dirisha, na kwa mwaka na miezi miwili Bibi alipumua kwa kazi ya mikono ya mume wake. Alipenda kunitania kwa hilo. Mimi alikuwa ananiita mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu, wewe ameshakusukia nini?"

"Hajanisukia kitu."

"Basi tulia. Mwenye mume hapa ni mimi."

Ijumaa moja asubuhi umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Taa ikawa nyeupe mno, transfoma ikavuma, ikatoa harufu ninayoijua tangu utotoni, ikanyamaza. Babu aliigusa kwa nyuma ya mkono kama unavyomgusa mtoto mwenye homa. "Imekwenda," akasema.

Alipiga simu maduka yote ya vifaa vya umeme. Wana ndogo za redio tu. Ya ukubwa ule mpaka uagize, wiki mbili. Zahanati ikatuazima mtungi wa oksijeni kwa siku ile na usiku wake, na Jumamosi asubuhi nesi akatubadilishia mwingine.

"Huu ndio wa mwisho mpaka Jumatatu," nesi alimwambia Babu. "Utawafikisha saa kumi na moja jioni. Mshale wa geji ukigusa nyekundu, mleteni tumpeleke hospitali kubwa alazwe."

Bibi akasema kutoka kitandani, "Hospitali kubwa watu wanaingia wima wanatoka wamelala."

"Bibi, wewe unaingia umelala tayari," nesi akamjibu, na wote wawili wakacheka, ila Bibi hakumaliza kucheka, kikohozi kilimkata.

"Saa tisa nitakuwa nimemaliza," Babu akasema. "Vanishi nitaipaka wiki ijayo. Leo ipumue tu."

Transfoma alikuwa ameshaifungua tangu Ijumaa. Alitoa vibati vyote vya chuma, kimoja kimoja, akavipanga kwenye gazeti. Alikata koili iliyoungua, nyeusi kama masizi, akatengeneza fremu mpya ya kadibodi ngumu. Waya wa shaba aliokuwa nao ulitosha mara moja tu. Waya huo una ngozi nyembamba ya vanishi usiyoiona kwa macho, na hiyo ngozi ndiyo inayozuia mzunguko mmoja usigusane na mwenzake. Ukiusuka, ukaufumua, ukausuka tena, ngozi inapasuka. Upande wa kuingilia umeme, mizunguko mia tano. Upande wa kutokea, mia mbili thelathini na nane.

Mama alikuwa zamu kiwandani. Kwa hiyo saa nne asubuhi nilipewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kopo la vifungo. Ya pili ilikuwa kumwangalia Bibi na mshale wa mtungi.

Kabla hajaanza nilimwuliza swali lililokuwa linanisumbua tangu darasani. "Babu, hizi nyaya za upande huu na za upande ule hazigusani popote. Sasa umeme unapitaje?"

Alifikiri. Babu akiulizwa kitu cha kazi yake hajibu haraka.

"Zinasikiana," akasema. "Huu ukitetemeka, ule unasikia. Kama mimi na bibi yako. Akikohoa kule, mimi naruka huku."

"Mzee hana haya," Bibi akasema. "Mbele ya mke mwenzangu!"

Hayo ndiyo mazungumzo ya mwisho kabla ya kuhesabu.

*Krii. Krii. Krii.* Sijawahi kuona kitu kizuri kama waya ule ukilala. Babu anauongoza kwa kidole gumba, kila mzunguko unajibana ubavuni mwa mwenzake bila nafasi ya kupitisha hata unywele, na ukigeuza kichwa kidogo shaba inawaka mstari mmoja wa mwanga unaotembea. Tabaka likijaa anaweka karatasi, anarudi upande wa pili. Vidole vyake siku hizi vinatetemeka, hata kikombe cha chai kinagonga sahani akikishika, lakini vikishika waya vinatulia. Alikwenda polepole kuliko zamani. Mara nyingine alisimama katikati, akapumzisha macho, midomo ikirudia namba ileile isimponyoke. Mia ya kwanza ilikuja saa sita kasoro. "Mia!" Nikaweka kifungo: "Ipo." Kitandani Bibi akatabasamu nyuma ya mpira wake, akanionyesha kidole gumba.

Mtungi ulikuwa na kichupa cha maji ambacho hewa inapitia, kinatoa mapovu muda wote, *bwi-bwi-bwi*. Mwanzoni nilikuwa nageuka kila baada ya muda. Mshale, Bibi, waya. Mshale, Bibi, waya. Baada ya mia ya pili nilikuwa natazama waya tu. Sitaki kuongopa hapa. Nilikuwa nimejiwekea mchezo wa kukisia tabaka litajaa kwenye namba gani, na nilikuwa napatia. Bibi alikuwa kimya, nikadhani amelala. Vifungo vikawa vitatu.

Sijui nilishtuliwa na nini. Nadhani ni kitu kilichokuwa kinasikika kikaacha kusikika. Kichupa cha maji. Nikageuka.

Mapovu hayakuwepo. Mshale ulikuwa umelala ndani kabisa ya nyekundu, na saa haijafika hata nane na nusu. Bibi alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, kifua kinapanda juu juu, na macho yamenikodolea. Nikafungua mdomo. Akainua kidole, taratibu, akakiweka kwenye midomo ile ya majivu.

Nyamaza. Anahesabu.

Nilipiga kelele: "Babu!"

*Krii, krii, krii.* Halafu mkono wa mashine ukaachiwa.

Niliruka, kopo likaanguka, vifungo vikatawanyika sakafuni mpaka chini ya kitanda. Babu alivipita akavikanyaga. Alimbeba Bibi kama alivyo, na shuka lake. Jirani yetu dereva teksi alikuwa anaosha gari. Hata ndoo hakuitoa mbele ya tairi, aliikanyaga akaondoka nasi. Njia nzima Babu alikuwa anasema, "Kwa nini hukuniita? Mama watoto, kwa nini hukuniita?" na Bibi hakuwa na pumzi ya kumjibu.

Baadaye nesi aliukagua ule mtungi. Mpira wa kuzibia shingoni ulikuwa umechakaa, hewa ilikuwa inavuja tangu asubuhi. Aliniambia, "Mwanangu, si kosa lako, mtungi ulikuwa mbovu." Ni kweli mtungi ulikuwa mbovu. Lakini mimi niliwekwa pale kuutazama.

Hospitalini walimpa oksijeni, rangi ikarudi kidogo. Daktari alisema mapafu yamechoka sana na moyo nao umeanza kuchoka. Jumapili saa za kuona wagonjwa tulimkuta amevalishwa kifuniko cha mdomo na pua. Alikivuta pembeni alipomwona Babu.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Umefika wapi?"

Babu alikaa ukingoni mwa kitanda. Koili ilikuwa bado kwenye mashine nyumbani, waya unaning'inia vilevile kama alivyouacha. "Sijui," akasema. "Mia tatu na kitu. Kitu chenyewe kimenitoka. Kukisia siwezi, na kufumua siwezi, waya ndio huohuo."

"Kumi na saba," Bibi akasema.

Babu akamwangalia.

"Mia tatu na kumi na saba." Alikuwa anasema kwa vipande, anavuta hewa kati ya kipande na kipande. "Mtoto alipiga kelele kwenye kumi na nne. Wewe ukaenda... mpaka kumi na saba. Ndiyo ukaachia mkono."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama anavyosema kifungo kipo mezani.

Mimi nilifumba macho nikasikia tena ile *krii, krii, krii* baada ya sauti yangu. Mara tatu. Nilikuwa nimezisikia siku ile na sikuzihesabu.

"Ulikuwa unahesabu?" Babu akauliza kwa sauti ndogo. "Katika hali ile?"

"Nilikuwa nahesabu ili nisilale. Nilidhani utafika mia tano kabla yangu."

Babu alianza kunyoosha shuka pale ambapo lilikuwa limenyooka. Alilinyoosha muda mrefu, hadi nesi akaja kutuambia muda umekwisha. Tulipokuwa tunatoka Bibi akaniita, nikarudi nikainama.

"Mke mwenzangu. Akikwambia mia, usichelewe kujibu. Hapendi."

Jumatatu nilipotoka shule nilimkuta Babu kakaa mbele ya mashine, mikono mapajani. Alikuwa ameokota vifungo vyote, ameviosha, ameweka vitatu mezani na vingine kwenye kopo. Alikuwa ananisubiri mimi. Nikakaa kwenye kiti cha Bibi bila kuambiwa.

"Kumi na nane," akanong'ona. *Krii.*

Kufikia mia ya nne sauti yake ilitoka kubwa kama kawaida: "Mia!" Halafu akainua uso kuelekea kitandani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nilichelewa.

"Ipo," nikasema.

Mia tano tuliimaliza jua likiwa bado juu. Jumanne tukasuka upande wa kutokea. Jumatano kabla ya mapambazuko Mama alipigiwa simu na hospitali, na alipokuja kusimama mlangoni mwa chumba chetu sikuhitaji kumwuliza.

Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Kwa siku nyingi Babu hakuigusa kazi yoyote. Fundi mmoja alileta transfoma ya kuchajia betri, akaiacha mlangoni, wiki mbili baadaye akaja kuichukua ikiwa palepale. Ya Bibi nayo ilikaa mezani nusu nusu, koili bila chuma. Nilikuwa naipita nikienda shule na nikirudi. Nilitaka kumwuliza kama ataimaliza, nikashindwa, kwa sababu sikujua kama hapo alipo anahesabu au hahesabu.

Siku aliyoimaliza ilikuwa Jumamosi nyingine. Aliichovya vanishi na kuikausha nyuma ya choo, akavirudisha vibati kimoja kimoja akivigonga kwa nyundo ya mti. Kisha akaleta mita ya kupimia volti. Alipima kwanza tundu la ukutani: mia mbili na arobaini.

"Kama ni mia tano kweli," aliniambia, "huku kutoke mia moja na kumi na nne bila mzigo. Kama bibi yako alizidisha hata ishirini, itasoma karibu mia na ishirini."

Akachomeka. Transfoma ikatoa mlio mdogo wa chini, ule ambao unausikia zaidi kifuani kuliko masikioni. Mita ikasoma mia moja na kumi na nne.

Babu aliitazama ile namba. Aligonga mita kwa kidole, kama labda inadanganya. Ilibaki hapohapo. Alienda kona alikokuwa amelisukuma lile sanduku la Mjomba, akalivuta kwa magurudumu yake mpaka pembeni mwa kitanda, akaliunganisha, akaliwasha. Mita ikashuka mpaka mia na kumi kamili. Sanduku likaanza kupumua. Alichukua ncha ya mpira akaielekeza kwenye kiganja chake, akakaa hivyo, hewa safi ikimpuliza mkononi, chumba kizima hakuna anayeihitaji.

Jumatatu yake nesi alikuja kuvichukua vyote viwili. Kuna baba mmoja mtaa wa nyuma ambaye naye hajiwezi pumzi. Kabla nesi hajafika, Babu alifanya jambo analofanya kwa kila transfoma: alikata kipande cha karatasi, akaandika hesabu ya mizunguko kwa penseli, akakigundisha ndani ya kifuniko, ili fundi atakayeifungua siku ikiungua ajue ilisukwaje. Kwa kawaida huandika namba mbili tu, ya kuingilia na ya kutokea. Nilichungulia juu ya bega lake. Kwa kutokea ameandika 238. Kwa kuingilia ameandika:

314, 3, 183.

"Babu," nikasema, "si ungeandika tu mia tano?"

Alikuwa anakaza skrubu ya kifuniko. Akaikaza mpaka mwisho, akaenda ya pili, ya tatu, ya nne.

"Mia tano ni za kwenye kitabu," akasema. "Hii ilisukwa hivyo."